Zamu Yangu ya Kupumzika

Wanawake wa Garissa tukikaa wanne mahali pamoja kwa muda, tunaanzisha ayuuto. Ni kama kupumua. Kila mmoja anatoa pesa, mmoja anazichukua zote, mwezi ujao anachukua mwingine, mpaka mzunguko umalizike. Hakuna wakili wala shahidi. Kuna uso wako tu. Ukichukua mapema halafu ukakataa kutoa, hakuna atakayekupeleka polisi, lakini hutaitwa tena kwenye mzunguko wa mtu yeyote, na hata msibani utaona wenzako wanasogea wakikupisha kana kwamba nguo zako zina maji.

Kwa hiyo msinicheke nikiwaambia kwamba tulipoingia chuo tukakuta somo linaitwa Teknolojia Ibuka, tuliligawa kwa ayuuto.

Somo lenyewe lilitisha kwa jina. Droni, akili mnemba, mashine za kuchapa vitu badala ya maneno, vifaa vya kufuatilia mizigo na wanyama kutoka mbali. Mwalimu alikuwa kijana mpole, mtu wa Kenya, kama mama mkwe wangu anavyomwita kila aliyezaliwa ng'ambo ya daraja la Tana. Siku ya kwanza alitueleza namna atakavyotupima. Kazi za muhula zilikuwa nne, tatu ndogo na mradi mmoja mkubwa wa mwisho, zote za kikundi, kwa sababu kompyuta zilikuwa chache kuliko sisi. Asiyefikisha nusu ya alama za muhula haketi mtihani. Asiyeketi mtihani anarudia mwaka.

Hilo la kurudia ndilo lililonikaa kooni. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza. Mume wangu yuko Elwak na biashara yake ya mbuzi, anakuja anaondoka, na nyumbani neno ni la mama yake. Mama mkwe hakunikataza kusoma, siwezi kumsingizia. Alikubali kunilelea mtoto hadi mwaka wa masomo uishe, lakini aliweka sharti lake mbele ya mwanawe, akiwa anapepeta mchele, hata macho hakuinua: "Ukirudia darasa, utarudia hapa jikoni." Mume wangu akainuka akaenda kutafuta viatu vyake. Nikajua ndiyo hukumu.

Tulikuwa wanawake wanne kwenye benchi la nyuma. Wawili walikuwa na watoto wanaosoma, wanakuja darasani wakinukia vitunguu. Wa tatu ni mimi. Wa nne ni rafiki yangu. Naandika rafiki kwa sababu wakati huo ndivyo alivyokuwa. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa shule ya upili, yeye juu mimi chini, miaka yote minne. Nikiugua alinichotea maji. Yeye ndiye aliyenivuta niombe nafasi chuoni. Ulimi wake ni laini, Kiingereza chake kinateleza, na tulipomchagua kiongozi wa kikundi hakuna aliyeuliza kwa nini.

Wazo la zamu lilikuwa lake. Alisema, kwa nini wanawake wanne wenye nyumba wakutane kila Jumamosi kugombania laptopu moja? Kila kazi ifanywe na mmoja, vizuri, kwa moyo wote, na majina yaandikwe manne. Nyingine anafanya mwingine. Wote tuliona ni busara, kwa sababu ndivyo tunavyopika harusini na ndivyo tunavyoosha maiti. Watu ishirini hawajai kwenye sufuria moja. Tukakunja vikaratasi, tukavitikisa ndani ya kikombe cha chai. Mimi nikatoa cha mwisho, yeye akatoa cha kwanza.

Nikahesabu miezi. Zamu ya mwisho ingeniangukia nikiwa ndani ya arobaini yangu. Huku kwetu mwanamke aliyejifungua hatoki nyumbani siku arobaini, na hata kama angetoka, angetoka na akili gani? Nikaomba tubadilishane. Nifanye ya kwanza nikiwa bado na nguvu, yeye afanye mradi wa mwisho. Alinishika mkono mbele ya wale wawili akasema, "Abaayo, wewe toa mapema, upumzike mwisho. Wallahi siku hiyo nitakubeba mgongoni." Abaayo ni dada. Aliniita dada.

Nikatoa mapema.

Kazi ya kwanza ilikuwa kueleza kifaa kimoja kipya na namna kinavyotumika mahali tunapoishi. Wengine waliandika kuhusu magari yasiyo na dereva, vitu vya kwenye video. Mimi nikaenda soko la mifugo, na tumbo langu mbele kama taa ya gari. Nilikuwa nimesikia kwamba wenye ngamia wengine wanawavisha mikanda yenye kifaa kinachotuma alama kwenye simu. Wazee walinifukuza kwanza, wakidhani mimi ni wa serikali. Halafu mmoja akasema mwacheni, huyu ni mjamzito, serikali haitumi wajawazito. Akanieleza kwamba mkanda ni mzuri kujua ngamia yuko wapi, lakini haujui ngamia ni wa nani. Kinachomtaja mwenyewe ni alama ya moto iliyo shavuni, na alama hiyo haiishiwi chaji. Basi nikaandika hivyo: kile ambacho kifaa kinajua na kile ambacho hakijui. Niliichapa saiba, kwenye kompyuta za kukodi, nikiwa nimevua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imevimba hadi kamba za ndara zikaacha mifereji.

Rafiki yangu ndiye aliyesimama kuiwasilisha. Mimi nilikuwa na kichefuchefu, naye anajua kusema. Mwalimu alifurahi mpaka akasoma kipande chake kwa darasa zima. Tukapata alama za juu kuliko kikundi chochote, sote wanne sawasawa. Rafiki yangu aliketi akanifinya paja chini ya meza. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilifurahi kweli, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Zamu ya pili na ya tatu wale wawili walifanya, wakapata alama za katikati, hakuna aliyenung'unika. Muhula ukaenda. Mimi nikajifungua kabla tu ya mradi mkubwa kuanza. Mtoto wa kiume, mwembamba, mweusi wa kung'aa, mwenye kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtoto mwingine. Halii tu. Kwanza anakwama, anakwama, anakwama, kama pikipiki iliyokataa kuwaka, halafu anawaka kwa mpigo na mtaa mzima unajua.

Wiki ya pili rafiki yangu akaja. Alikuja na sukari na kanga za mtoto, akaketi ukingoni mwa kitanda changu, na kabla chai haijapoa akaanza kulalamika. Mwalimu anataka kikundi kijaribu kifaa kimoja kwa mikono yao, si kunakili kutoka mtandaoni, na yeye hana hata wazo. Alisema kichwa chake kimekuwa kitupu kama kibuyu. Nilikuwa nanyonyesha. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, maana nyumba ya mzazi mpya haikosi wageni, kila mmoja akizungumza bila kumngoja mwenzake, uunsi, ubani wetu, ukifuka kwenye dabaqaad, chetezo cha udongo. Nikamwonyesha kwa kidevu. Nikamwambia, si simu siku hizi zinajidai zinaelewa Kisomali? Zungumza nayo, inaandika. Basi hawa hapa. Warekodi shangazi zangu, warekodi mama mkwe, tuone kama inaelewa.

Tulicheka siku ile mpaka nyuzi zangu zikauma. Mama mkwe aliishika simu kama anashika kinyonga. Akaiuliza mvua itanyesha lini Wajir. Simu ikaandika kitu kama jina la mchezaji wa mpira wa Ulaya. Akairudia kwa sauti kubwa zaidi, kama anazungumza na kiziwi, ikaandika namba. Shangazi mmoja akasema huyo ndani ya simu si Msomali, ni mtu aliyefungwa Nairobi. Na mtoto wangu katikati akakwama, akakwama, akawaka. Rafiki yangu akasema, "Mwanao huyu atakuwa mwendesha boda." Akambeba, akamtikisa huku anarekodi kwa mkono mwingine. Alikuja hivyo mara kadhaa. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wazee wasogee karibu na simu, waseme mmoja mmoja, warudie. Mimi ndiye niliyemwambia aandike pembeni kila aliyezungumza ametoka wapi, maana yule wa upande wa Liboi simu ilimwelewa nusu na mama mkwe haikumwelewa kabisa. Na bado niliona ni zamu yake. Niliona namsaidia tu. Mimi nilikuwa ninapumzika, si ndiyo?

Kitu ambacho sikukijua, na hakuna hata mmoja kati ya watatu aliyeniambia, ni kwamba mwalimu alikuwa amebadilisha namna ya kutoa alama. Alichoka na vikundi ambavyo mmoja anafanya na wengine wanalala. Akasema alama za mradi ni sinia moja. Kikundi kitapewa sinia, na kiongozi atamtumia ujumbe kumweleza nani alifanya kazi kiasi gani. Ambaye hakufanya, fungu lake linaongezwa kwa waliofanya.

Siku ya arobaini yangu walikuja wote watatu. Nyumba ilikuwa imepambwa, mbuzi amechinjwa, nimepakwa hina hadi viwiko, mtoto amenyolewa kichwa kinang'aa kama yai. Rafiki yangu aliingia na vigelegele kabla hajavua viatu. Wali ulikuwa ndio unapakuliwa simu yangu ilipolia. Alama za muhula zilikuwa zimewekwa kwenye kundi la darasa, kila mtu na namba yake. Nikatafuta yangu kwa furaha, vidole vina hina mbichi. Kazi tatu ndogo zilikuwapo. Kwenye mradi palikuwa na sifuri, na mbele ya jumla, maneno mawili: haruhusiwi mtihani.

Nikaangalia namba za wenzangu. Walikuwa juu. Yeye alikuwa juu ya wote darasani.

Mtu wa kwetu hamfukuzi mgeni aliyekuja kumtoa arobaini. Mgeni akiwa na mkono wake sahanini mwako, mkono huo si wa kupigwa. Niliketi karibu naye nikamwonyesha simu chini ya mtandio. Aliiangalia. Nilikuwa nategemea ashtuke. Hakushtuka. Alichota wali, akafinyanga tonge, akaniambia polepole, "Abaayo, leo ni siku ya furaha. Tutazungumza kesho." Akala. Wale wawili hawakuniangalia kabisa, mmoja akaanza kusifu pilipili. Mama mkwe akapita na birika, akawauliza wasomi wanaendeleaje, wakasema alhamdulillah.

Kesho yake simu yake iliita bila kupokelewa. Niliandika, nikaona amesoma, hakujibu. Nilimtafuta mmoja wa wale wawili, naye akapokea akizungumza kwa kunong'ona, kama yuko mochwari. Akasema kiongozi aliwaambia wamwachie yeye, na wao waliitikia tu, na mimi nisiwaingize kwenye maneno. Akasema, "Lakini wewe hukuwepo, dada." Nikakata.

Waswahili husema siku za mwizi ni arobaini. Nilizikaa zote arobaini mimi, kitandani, na mwizi akala wali wangu akaondoka na fungu la nyama kwenye karatasi.

Nilimfunga mtoto kifuani, nikapanda tuktuk mpaka chuoni. Askari wa lango alikagua mfuko wa nepi kama una bunduki, akatoa chupa ya maji, akainusa, akairudisha. Mwalimu nilimkuta peke yake ofisini. Alinitazama akijaribu kunikumbuka, maana mara ya mwisho nilikuwa na umbo lingine.

"Wewe ndiye aliyeacha kikundi?"

Nikamwambia sikuacha kitu, nilizaa. Akasema pole, akasema hongera, hakujua lipi litangulie. Akanieleza habari ya sinia. Akaniambia kiongozi wetu aliandika kwamba tangu mradi uanze sikuonekana, na kwamba kikundi kilijitahidi bila mimi. Aliyasema kwa upole, kama daktari. Nilitaka kusema, lakini maneno yalikuja yote kwa pamoja yakaziba mlango, na kabla sijatoa hata moja mtoto akaamka.

Akakwama. Akakwama. Akawaka.

Mwalimu aliinua kichwa. Akaniambia ngoja kidogo, akavuta laptopu, akatafuta rekodi za mradi wetu, akabonyeza. Kwenye spika ndogo za ile laptopu nikasikia uunsi wangu, kama uunsi una sauti. Vikombe. Shangazi akicheka. Mama mkwe akiuliza habari ya mvua ya Wajir. Sauti yangu ikimwambia shangazi, "Eeddo, sogea karibu na simu." Na mwanangu, akikwama, akiwaka, sawa na huyu aliyekuwa kifuani pangu, wawili wakilia kwa pamoja ndani ya ofisi ya watu.

Mwalimu aliizima. Akasema, "Siku ya kuwasilisha niliwauliza huyu mtoto ni wa nani, kwa sababu anaharibu sauti. Kiongozi wenu alisema ni mtoto wa jirani."

Alama ningezisamehe. Nasema kweli. Watu wanaiba alama, wanaiba na zaidi. Lakini alimbeba mtoto yule. Alimwogesha, alimpaka wanja, alimwita boda. Kisha akasimama mbele ya darasa la watu arobaini waliokuwa wanajua kabisa nilikuwa na mimba, akamtupa kama ganda la ndizi. Mtoto wa jirani.

Mwalimu aliniuliza maswali kuhusu mradi, moja baada ya jingine. Kwa nini simu ilimwelewa huyu haikumwelewa yule? Nikamwambia nilivyoona: aliyeifundisha simu hakuwahi kuketi chumba kimoja na wanawake wetu. Ilifundishwa na watu wanaozungumza mmoja mmoja, taratibu, mahali pa kimya, na lugha ya redio. Ukitaka ielewe, mlete mwalimu wake kwetu asikilize wanawake wakimtembelea mzazi. Alikuwa anaandika. Nilipomaliza alisema kitu ambacho nilikuwa nakiogopa tangu nilipovuka lango.

Alisema hawezi kuligusa sinia, limeshapelekwa. Lakini nikitaka haki kamili, niandike malalamiko. Kamati itakaa, na kazi zote nne za kikundi chetu zitafunguliwa upya, kuona nani alifanya nini tangu mwanzo.

Hapo ndipo nilipoelewa akili ya rafiki yangu. Kazi zote nne. Ile ya ngamia niliifanya mimi peke yangu. Ya pili ni ya mmoja, ya tatu ni ya mwingine. Sisi tunaita zamu. Kamati ingeita wizi wa mtihani, na ingetufukuza wote wanne kwa barua moja, mimi na mtoto wangu tukiwa wa kwanza. Alijua siwezi kufungua mdomo. Kamba aliyonifunga nayo niliisokota mwenyewe, kwa mikono yangu, nikimshukuru.

"Sitaandika," nikasema.

Mwalimu alinitazama sana. Nadhani alielewa zaidi ya nilivyotaka. Akasema basi kwa uwezo wake anaweza kunipa alama ya aliyewasilisha kwa kuchelewa, ile ndogo, ya kunivusha nusu tu. Nikasema naitaka. Niliketi mtihani mwisho wa muhula nikiwa na maziwa yanavuja kwenye buibui, nikapita. Nilipita kwa upana wa kucha.

Jikoni sikurudi. Lakini matokeo yalipotoka, mama mkwe alimsikia mpwa wake akiyasoma kwa sauti, akasikia aliyeongoza ni nani. Akanitikisia kichwa. "Mwenzako amekushinda mbali. Na yeye alikuwa anakuja hapa kukusaidia." Nikakusanya vikombe nikavipeleka kuosha. Ningemwambia nini? Kwamba sauti yake yeye mwenyewe, na swali lake la mvua, ndivyo vilivyompandisha yule? Ningeanza hapo ningelazimika kueleza mpaka kile kikombe cha vikaratasi.

Muhula mpya ulianza. Benchi la nyuma lilikuwa lile lile. Mimi nikaketi la mbele, karibu na dirisha, kwa sababu mtoto hulala kama kuna upepo, na mwalimu mpya alikuwa amekubali nije naye siku mama mkwe akiwa kliniki. Wale wawili walinisalimia kwa mbali. Yeye alikuja moja kwa moja, mkono umenyooshwa, pafyumu mbele yake, kana kwamba tulikuwa tumelala na kuamka kitanda kile kile cha shule. Akasema somo hili lina kazi nyingi kuliko lile. Akasema wamefikiria, warudie utaratibu wetu, ulitusaidia. Alitabasamu kwa mtoto, akamgusa shavu.

"Abaayo, zamu tunaanza lini?"

Nilimvuta mwanangu upande wa pili, mahali ambapo kidole chake hakifiki.

"Kamwulize jirani," nikasema.

Alibaki amesimama pale na mkono hewani. Darasa lote lilikuwa limegeuka, maana mimi nikisema jambo sinong'oni. Halafu mwalimu akaingia, nikafungua daftari langu, nikaandika juu jina moja, langu.